Ailsa Craig na panya wake: kisa cha kusoma kabla ya kununua sumu

Vijana wa kikundi kimoja cha mazingira hapa Bukavu waliniletea mpango wao niupitie kabla hawajaupeleka kwa wafadhili. Upande wa kusini wa Ziwa Kivu kuna kisiwa kidogo cha mawe. Hakikaliwi na mtu, kina miti michache iliyopauka kwa mavi ya ndege, na juu ya miti hiyo minandi na yangeyange hujenga viota. Wavuvi wanasema wameona panya humo. Kwa hiyo sumu inunuliwe, imwagwe, panya wafe, ndege waongezeke, watalii waje. Ukurasa wa pili wote ulihusu Ailsa Craig, mwamba wa graniti kwenye bahari ya Uskoti. "Waskoti waliweza mwaka 1991, na sisi tutaweza," waliandika, wakapiga mstari chini yake.

Jina la kisiwa chetu sitalitaja. Mayai yana walaji, na sioni sababu ya kumwelekeza mtu njia.

Niliwaambia tuanze na ukurasa wa pili, maana ndio uliobeba mpango mzima. Kisa cha Ailsa Craig ni cha kweli na kinatia moyo, ila watu wengi wanaokisimulia hukimbilia sumu na kuishia hapo. Mimi nakisoma hivi: sumu ilifanya kazi yake mara moja, na tangu siku ile anayelinda kile kisiwa ni bahari yenyewe. Ukiondoa bahari kwenye hesabu, kisa hakikufundishi kitu cha kukusaidia Kivu.

Mwamba na ndege wake

Ailsa Craig umesimama kwenye ghuba inayoitwa Firth of Clyde, yapata kilomita 16 kutoka mji mdogo wa pwani wa Girvan. Una urefu wa mita 338 kutoka usawa wa bahari na eneo la karibu hekta 100. Ni kizibo cha volkano iliyokufa zamani sana. Mtu wa Goma ataelewa haraka: ufikirie mlima kama Nyiragongo uliozimika, ukaliwa na mvua, barafu na mawimbi kwa mamilioni ya miaka hadi mwili wote ukaondoka, likabaki lile jiwe gumu lililogandia kooni. Jiwe hilo ni graniti ya chembe ndogondogo, ngumu, isiyonyonya maji kwa urahisi. Ndiyo maana hadi leo hutengenezwa mawe ya mchezo wa curling, ule ambao watu hutelezesha jiwe la karibu kilo 20 juu ya barafu huku wenzao wakifagia mbele yake. Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi utayaona. Mawe hayo huchukuliwa kisiwani kwa nadra, wakati ndege hawatagi.

Kwa ndege, graniti hiyo ina faida mbili tofauti, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Upande mmoja ni magenge yaliyosimama wima, yenye vibao vyembamba ambapo ndege mkubwa anaweza kuweka kiota na hakuna mnyama wa miguu minne atakayemfikia kirahisi. Upande mwingine ni miteremko ya mawe yaliyoporomoka, yenye nyufa, mapango madogo na udongo wa kuchimbika. Kwenye vibao hukaa ganeti. Kwenye mashimo na nyufa ndipo walipokaa pafini.

Ganeti ni ndege mweupe mwenye ncha nyeusi za mabawa, na akiyatandaza yanakaribia mita 2. Ana uzito wa kama kilo 3 na mdomo mrefu uliochongoka. Huvua kwa kujitupa kutoka angani kichwa chini, mabawa yamekunjwa. Pafini ni kitu kingine kabisa: kifupi, kinene, hakifiki nusu kilo, chenye mdomo mpana wa rangi nyekundu na manjano wakati wa kutaga. Huchimba shimo au hutafuta ufa, akataga yai moja tu kwa mwaka. Kifaranga hukaa gizani mle karibu wiki 6, kisha usiku mmoja hutoka peke yake na kwenda baharini. Hataanza kuzaa hadi afikie umri wa miaka kama mitano.

Yai moja kwa mwaka, ndani ya shimo, usawa wa ardhi. Hakuna ndege aliyemrahisishia panya kazi kuliko huyu.

Panya alifikaje

Karne ya 19 ilipokaribia kuisha, Ailsa Craig ulijengewa mnara wa taa wa kuongozea meli, ukaanza kuwaka mwaka 1886. Watunza mnara waliishi pale, na watu wanaoishi mahali wanataka makaa ya mawe, unga, vifaa, barua. Boti zikawa zinakwenda na kurudi. Mwaka unaotajwa kwa kufika kwa panya ni 1889. Ni panya wa kahawia, yule mkubwa wa mifereji ya miji, na alifika pamoja na mizigo.

Mtu asiyeamini kwamba panya husafiri hivyo ashuke tu bandarini hapa Bukavu asubuhi boti za mizigo zinapopakia. Magunia ya maharage na mihogo hulala ghalani kabla ya safari, tena karibu na ukuta ambako ni giza. Angalia pembe za chini za gunia: utaona tundu dogo lenye nyuzi zilizotafunwa, na kando yake vinyesi vyeusi kama punje za mpunga wenye maganda. Gunia hilohilo litabebwa begani, litashushwa kwenye boti, na litafunguliwa upande wa pili wa ziwa. Kamba ya kufungia boti nayo huachwa usiku kucha kutoka gatini hadi sitahani. Mzee mmoja mpakizi nilimuuliza kama huwa wanawaona, akanitazama kama mtu aliyeuliza kama ziwa lina maji. "Panya hakati tiketi, mwalimu," alisema, akaendelea kuhesabu magunia.

Kule Ailsa Craig, baada ya hapo kilichofuata kilikuwa cha polepole. Pafini waliokuwa wengi mno, maelfu kwa maelfu, walipungua mwaka hadi mwaka mpaka miongo michache baadaye hawakuzaa tena pale. Hakuna siku moja ambayo mtu angeweza kusema "leo wamekwisha". Pafini mkubwa huishi miaka mingi, zaidi ya 20 akibahatika, kwa hiyo hata kama kila kifaranga analiwa shimoni, wazazi wataendelea kurudi kila mwaka na macho ya mpita njia yatawaona. Koloni inaweza kuwa imeshakufa na bado ikaonekana ina watu.

Na ganeti? Walibaki. Ni wakubwa, wanatagia kwenye magenge, mzazi mmoja hubaki kiotani, na mdomo wake ni silaha. Mwaka 2014 Ailsa Craig ulihesabiwa kuwa na jozi zaidi ya 30,000 za ganeti, mojawapo ya koloni kubwa za Uingereza. Kwa hiyo mtu aliyepita na boti wakati panya wametawala angeona mbingu imejaa ndege, angesikia kelele zao, angenusa samaki na mavi, akarudi nyumbani akisema mambo ni mazuri. Waliotoweka walikuwa wale wasioonekana kwa urahisi hata siku za neema.

Hapo nilisimama na vijana kwa muda mrefu. Mpango wao unasema "ndege ni wengi lakini wanapungua". Ndege gani? Minandi hukaa juu ya miti wakiwa wamefungua mabawa yakauke, kila mvuvi anawaona. Kama kuna ndege anayetagia chini kwenye majani au kati ya mawe, huyo ndiye wa kuulizia kwanza, na kwenye mpango hakutajwa hata mara moja. Hesabu ya ndege wote kwa jumla inaweza kukudanganya mchana kweupe.

Mwaka 1991

Aliyeongoza kazi ya kuwaondoa panya alikuwa Bernard Zonfrillo, mtaalamu wa ndege wa Chuo Kikuu cha Glasgow, aliyekuwa akichunguza ndege wa kisiwa kile. Mwaka mmoja kabla, 1990, mnara wa taa ulikuwa umefanywa ujiendeshe wenyewe na watunzaji wa mwisho wakaondoka. Nadhani jambo hili halitiliwi uzito wa kutosha. Kisiwa kisicho na watu hakina jiko, hakina ghala, hakina jaa la takataka, na hakina boti ya mahitaji ya kila mara. Mlango ulikuwa umeanza kufungwa kabla sumu haijafika.

Sumu yenyewe ilikuwa warfarini, na helikopta ya jeshi la majini ilisaidia kuifikisha, maana kupanda na magunia kwenye mteremko ule ni adhabu. Wauguzi wa hospitali zetu wanaijua warfarini kwa kazi nyingine: ni dawa ya kuzuia damu isigande, wanayopewa wagonjwa wa moyo. Ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwishoni mwa miaka ya 1940, na binadamu wakaanza kutibiwa nayo miaka ya 1950. Huziba kazi ya vitamini K mwilini, damu inashindwa kuganda, na mnyama huvuja damu kwa ndani. Huchukua siku kadhaa, na kwa kawaida panya lazima ale zaidi ya mara moja.

Vijana waliona hayo ni udhaifu. "Si bora ile ya Kadutu? Inaua palepale." Wanasema juu ya vipakiti vidogo vya nailoni vinavyouzwa sokoni, vya unga mweusi au punje za rangi, visivyo na maandishi yoyote, muuzaji akiwa na panya mkavu ananing'inia kwenye kijiti kama cheti. Inaua palepale kweli. Na hapo ndipo ubaya ulipo.

Panya wa kahawia huogopa kitu kipya. Chakula ambacho hakukizoea hukionja kidogo, kisha husubiri. Akiumwa tumbo muda mfupi baadaye, hatakigusa tena. Sumu ya haraka huwaua walafi na kuwaacha waangalifu, nao ndio watakaozaa. Sumu ya polepole humfanya panya asihusishe maumivu ya siku ya tano na chakula cha siku ya kwanza, kwa hiyo hurudi kula. Kwenye nyumba yako Kadutu ukipunguza panya tisa kati ya kumi umepata usingizi. Kisiwani ukiacha mmoja kati ya kumi hujafanya kitu. Panya jike hubeba mimba kwa wiki tatu hivi na kuzaa saba, nane, au zaidi, na watoto wake wataanza kuzaa kabla ya mwaka kufika nusu. Kazi ya kisiwa ni kumaliza wote au kutokuanza.

Kuna la pili kuhusu sumu. Panya aliyekufa au anayeyumba huliwa na mwewe, kunguru, mbwa. Warfarini haikai sana mwilini ukilinganisha na sumu mpya zaidi za jamii hiyo, kwa mfano brodifakumu, ambazo huua panya kwa mlo mmoja lakini huendelea kumdhuru anayemla. Kwa upande mwingine panya wanaweza kuizoea: panya sugu kwa warfarini waligunduliwa kwa mara ya kwanza Uskoti kwenyewe, mwaka 1958. Ailsa Craig haikupata bahati mbaya hiyo. Sisi tuna ziwa ambalo watoto hulichota kwa bidoni na mama huoshea vyombo. Unga mweusi usio na jina, unaomwagwa juu ya mawe mvua za Kivu zikisubiri mchana, sitausaini.

Dada mmoja wa Idjwi, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza swali ambalo nililitarajia kutoka kwa mtu mwingine: "Mwalimu, juu ya nini habakuletaka paka?"

Jibu lipo, tena Afrika. Kisiwa cha Marion, kusini kabisa kwenye bahari ya baridi, ni cha Afrika Kusini. Si cha graniti, ni cha volkano, lakini ndege wake wengi hutagia mashimoni kama pafini. Kituo cha hali ya hewa pale kilisumbuliwa na panya wadogo wa nyumbani, ndipo mwaka 1949 wakapelekwa paka watano. Kufikia 1977 paka walikadiriwa kuwa 3,400 hivi, na walikuwa wakiua ndege kama 450,000 kila mwaka. Ndege wa shimoni ni mnono na hana mbio, kwa nini paka ahangaike na panya? Iliwachukua watu miaka mingi ya ugonjwa wa kupandikizwa, bunduki za usiku na mitego mpaka paka wa mwisho akatoweka mwaka 1991, mwaka uleule wa Ailsa Craig. Na panya wadogo? Bado wapo Marion, sasa wanawatafuna albatrosi wakiwa hai kwenye viota vyao. Dada yule aliandika "paka hapana" kwenye daftari lake akafunga mada.

Miaka 11

Panya walikwisha mwaka 1991. Pafini waliozaa tena kisiwani walithibitishwa mwaka 2002.

Mwandishi wa mpango wetu aliweka "ongezeko la ndege" kwenye mwezi wa tisa wa mradi. Nilimwelewa, wafadhili wanapenda mwezi wa tisa. Lakini pafini hupenda kurudi kuzaa alikozaliwa, na pale Ailsa Craig hakuna aliyekuwa amezaliwa kwa miongo. Walihitajika wageni, vijana kutoka koloni nyingine wanaozunguka kutafuta mahali, watue, wakague nyufa, waondoke, warudi mwaka unaofuata. Hata leo idadi yao si kivuli cha ile ya zamani. Minandi na yangeyange ni wepesi zaidi: hutaga mayai kadhaa, huanza kuzaa mapema, na huhama kisiwa hadi kisiwa bila ugumu. Kwetu mabadiliko yangeonekana haraka kuliko kule, hilo nakubali. Mwezi wa tisa bado ni ndoto.

Kilomita 16

Sasa tufike kwenye bahari. Panya wa kahawia ni mwogeleaji hodari. Mwaka 2004 watafiti wa New Zealand walimfunga panya dume mmoja kifaa cha redio, wakamwachilia kwenye kisiwa kidogo kisicho na panya ili waone ugumu wa kumkamata. Mitego, chambo, mbwa waliofundishwa, vyote vilitumika. Panya akaogelea mita 400 za bahari hadi kisiwa cha pili, akakamatwa baada ya wiki 18. Panya mmoja, anayejulikana, mwenye redio shingoni!

Kilomita 16 za maji baridi ya Clyde hakuna panya anayezivuka kwa miguu yake. Kwa hiyo baada ya 1991 njia ya kurudi Ailsa Craig ikabaki moja tu, boti, na boti zinazotua pale ni chache. Hii ndiyo sababu kazi ile haikuhitaji kurudiwa kila baada ya miaka miwili.

Kisiwa cha vijana wetu kiko umbali ambao ukiwa na sauti nzuri unamwita mtu wa pwani akakusikia. Panya wa paa wa mijini kwetu haogelei vizuri kama yule wa kahawia, lakini hana haja. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo kama dagaa, hupumzika pale asubuhi baada ya kazi ya usiku. Pirogi (mitumbwi) tatu zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa za kuvutia samaki, nyavu, sufuria, mfuko wa unga wa mihogo, na mara nyingine gunia la mtu aliyeomba kubebewa mzigo. Wanapika ugali, wanakausha nyavu, wanalala kidogo, wanaacha makombo. Ukiua panya wote mwezi wa sita, mwezi wa nane watakuwepo wengine, na kikundi kitaandika ombi jipya la sumu. Kuna watu wangefurahia mradi wa namna hiyo usio na mwisho. Mimi siwezi kuuita ulinzi.

Nikawapa mfano ulio karibu zaidi na hali yetu kuliko Ailsa Craig. Kisiwa cha Cousin, Shelisheli, nacho ni cha graniti, hakifiki hekta 30, na kipo yapata kilomita 2 tu kutoka kisiwa kikubwa cha Praslin, ambako panya wapo tele. Zamani kilikuwa shamba la minazi. Mwaka 1968 kilinunuliwa kwa ajili ya uhifadhi, hasa kumwokoa ndege mdogo mwimbaji ambaye walikuwa wamebaki wachache mno duniani, wote pale. Leo ndege huyo amepelekwa visiwa vingine vinne vya nchi hiyo, na Cousin wanazaa ndege wa baharini kwa wingi, wengine wanataga yai juu ya tawi bila kiota. Walinzi wachache hukaa pale, hakuna mkazi mwingine. Hakina panya.

Kinacholindwa pale ni ufuko. Mtalii akifika na boti yake, boti hiyo hairuhusiwi kugusa mchanga. Inasubiri majini, boti ya kisiwa inatoka, abiria wanahamia humo, mizigo inatazamwa, ndipo wanaletwa nchi kavu. Ni usumbufu, mtu analowa viatu, lakini panya aliyejificha chini ya sitaha ya boti ya hoteli anabaki huko huko. Wamefanya hivyo miaka na miaka. Hakuna helikopta katika kisa hiki, ndiyo maana hakiandikwi magazetini.

Mmoja wa vijana alijaribu kuniweka pembeni: "Kwa hiyo kila kiumbe mgeni ni adui?" Hapana, na anayekula sambaza kila wiki asiulize hivyo. Sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu katikati ya ziwa hakukuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea, na leo wanalisha Bukavu, Goma na Idjwi. Waliletwa na watu, wakabadilisha maisha ya majini, na hatuwezi tena kuwazungumzia kama wageni. Tofauti ni kwamba ukimkosea sambaza unapata soko. Ukimkosea panya kisiwani unapoteza kile ulichokwenda kulinda.

Nilichowaandikia

Kwenye maoni yangu nilifuta neno "sumu" kila mahali lilipotokea, nikaweka maswali. La kwanza lilikuwa la aibu kidogo kwao: nani ameona panya akila yai? Mvuvi kuona panya karibu na sufuria yake ni habari ya sufuria. Mayai yanaweza kuwa yanaliwa na mwewe, na nyoka, au na mtoto aliyetumwa kuokota kuni akarudi na mfuko mzito zaidi ya kuni. Ailsa Craig walijua adui wao kabla ya kumwendea. Sisi tumemchagua kwa sababu tumesoma kisa cha Ailsa Craig.

Njia ya kujua haina gharama kubwa. Chukua mishumaa ya kawaida, iyeyushe, changanya na siagi ya karanga, mimina kwenye vifuniko vya chupa, iache igande. Vipigilie kwenye vigingi vifupi kati ya mawe na kwenye mashina ya miti, uvikague baada ya siku chache. Panya huacha alama za meno mawili mawili, mifereji miwili iliyo sambamba, myembamba kama ya ukucha. Ndege akidonoa anaacha shimo lenye ncha. Kisha pima alama ziko wapi: kama zote ziko pale wavuvi wanapopikia na hakuna hata moja kwenye miti ya viota, umejua mengi kwa bei ya pakiti za mishumaa.

La pili ni wavuvi wenyewe. Wanapumzika pale tangu vijana hawa hawajazaliwa, na mpango uliwataja mara moja tu, kama "wahusika wa kuhamasishwa". Nilipendekeza waitwe kabla ya wafadhili, na waulizwe kama wangeweza kuhamishia mapishi upande wa bara, pale penye kivuli na mchanga, na kama mizigo isiyo ya uvuvi inaweza kukomea hapo. Mzee anayewaongoza, ambaye vijana walimwogopa bila sababu, alisema jambo hilo linawezekana wakipewa mahali pa kufungia vyombo na mtu wa kulinda nyavu mchana. Nyavu zikiibiwa mara moja, makubaliano yamekufa. Hilo la mlinzi wa nyavu sasa liko kwenye bajeti, na ni mstari mkubwa kuliko yote.

Kuhusu hilo tulibishana. Mweka hazina alisema hakuna mfadhili atakayelipa mlinzi wa nyavu kwa jina la ndege, ilhali kwa sumu picha zinapigwa na ripoti inaandikika. Huenda anasema kweli. Nilimwambia aandike kwa uwazi gharama ya mlinzi kwa miaka mitatu, kisha kando yake gharama ya kumwaga sumu kila mwaka kwa miaka mitatu, bila kuongeza neno. Alizifanya hesabu palepale kwenye simu, akanyamaza, akazifanya tena.

Jina la Ailsa Craig limebaki kwenye mpango, kwenye aya moja, pamoja na ile namba ya kilomita 16 kwa herufi nzito. Vigingi vinachongwa na fundi wa Bagira. Hawatavipeleka kisiwani bado, kwa sababu sasa hivi kuna vifaranga kwenye viota, na mtu akitua wazazi huruka wote kwa pamoja na mwewe hushuka.